Jani la Mfenesi Kwenye Barabara ya Matombo

Jani la mfenesi halinyauki haraka. Likatwe alfajiri, lilazwe katikati ya barabara, lipigwe na jua mpaka saa nane mchana, bado litakuwa na ule ukijani mzito unaoonekana kutoka mbali. La mwembe linajitahidi, lakini ikifika adhuhuri kingo zake zimeanza kujikunja. La mgomba halifai kabisa. Upepo wa lori moja tu unalirusha mtaroni, na likibaki barabarani linateleza. Bodaboda akilikanyaga kwenye kona anakwenda chini. Kuti la mnazi ni zuri likiwa bichi, ila likikauka rangi yake inafanana na udongo wa barabara, na usiku hulioni mpaka umelifikia.

Elimu hii nimeipata kwa dereva wa Fuso niliyemkuta Mtamba, tarafa ya Matombo, Morogoro Vijijini, akisubiri mikungu ya ndizi na mafenesi vipakiwe kwenye gari. Ana zaidi ya miaka ishirini kwenye usukani, na kabla ya hapo alikuwa utingo. Ameomba jina lake lisiandikwe, kwanza kwa sababu tajiri wake hapendi habari za gari lake zizungumzwe, na pili kwa sababu baadhi ya mambo aliyonisimulia yangemfikisha pabaya kwa trafiki.

Majani yenyewe kila msomaji anayajua. Ukiona matawi mabichi yamelazwa barabarani, mbele kuna gari limeharibika, punguza mwendo. Hakuna aliyetufundisha darasani. Wakenya wanayaweka, Waganda wanayaweka, na ndugu zetu wa Kongo pia. Nimepita juu ya matawi hayo maisha yangu yote bila kuyafikiria. Kilichonifanya nimtafute mtu wa kunieleza habari zake ni mambo mawili yaliyotokea siku moja.

La kwanza lilitokea asubuhi, nikiwa kwenye Coaster inayotoka Morogoro mjini kwenda Matombo. Tulikuwa tumeshaiacha Bigwa, tumepanda na kuipita Kiroka, tunateremka kuelekea Mkuyuni kwenye barabara ya vumbi. Dereva akapunguza mwendo, kisha akasimama kabisa. Mbele yetu palikuwa na matawi matatu yaliyokauka na, hatua chache mbele yake, mawe mawili makubwa. Gari lililoharibika halikuwepo. Lilikuwa limeshatengenezwa na kuondoka zake. Konda akashuka bila kuambiwa neno. Akayavuta matawi hadi pembeni, akayaviringisha mawe mpaka yakaangukia mtaroni, akafuta mikono kwenye suruali na kupanda. Katika gari lililojaa mpaka mlangoni hakuna aliyeguna kwamba anacheleweshwa. Mama mmoja mwenye tenga tupu mapajani alisema tu, "Wamesahau," na mazungumzo yakaendelea pale yalipokuwa yameachwa.

La pili lilitokea jioni ya siku hiyohiyo, nikiwa kwenye basi la kurudi Dar es Salaam, kipande cha lami kati ya Mikese na Chalinze. Mbele yetu semitrela lilikuwa limepasuka tairi, nalo limewekewa majani kama kawaida, mabichi kabisa. Basi letu halikupunguza mwendo hata kidogo. Liliyapitia majani juu, likahamia upande wa pili, na gari dogo lililokuwa linakuja likalazimika kutoka nje ya lami na kutimua vumbi. Dereva wa gari dogo alipiga honi ndefu. Dereva wetu akatoa mkono dirishani na kumwonyesha ishara ambayo siwezi kuiandika gazetini. Abiria wawili walicheka. Utingo wa lile semitrela, kijana asiye na shati aliyekuwa amechuchumaa kando ya jeki, alikuwa amejitupa nyasini.

Majani yaleyale, siku ileile, mkoa na mkoa jirani. Sikulala vizuri usiku ule, na baada ya siku chache nilikuwa Mtamba nauliza ni nani anayeweza kunieleza habari za majani.

Mzee huyu wa Fuso anayazungumzia matawi kwa utaratibu wa fundi anayetaja vifaa vyake. Nilipomwamkia na kumweleza nilichofuata, alinitazama kwa muda, akaniambia, "Wewe mwanangu ni wa kwanza kuniuliza hilo. Wote huuliza ajali." Akamwita utingo wake, akamwagiza alete panga kutoka nyuma ya kiti.

"Tawi la kwanza unaliweka hatua hamsini kutoka kwenye gari," alisema. "Hatua za mtu mzima anayetembea, si za kijana anayekimbia. Hilo liwe dogo. La pili hatua thelathini, kubwa kidogo. La tatu hatua kumi, kubwa kuliko yote, na hilo ulilaze upande wa katikati ya barabara kumwonyesha mwenzako anapotakiwa kupita. Ukianza na kubwa, mtu anashtuka, anapiga breki ghafla, wa nyuma yake anamgonga. Unaanza na dogo ili umwamshe taratibu."

Kama gari limekufa kwenye mteremko, upande wa juu unaongezewa matawi na umbali, kwa sababu anayeshuka ana mzigo unaomsukuma. Kama limekufa kwenye kona, matawi lazima yaanze kabla ya kona. "Ukiweka ndani ya kona hujamsaidia mtu. Akiyaona, ameshakuona na wewe, na ameshachelewa." Barabara ya Bigwa kwenda Mvuha ina kona za kutosha, kwa hiyo mara nyingi utingo hutembea mbali na matawi begani kabla ya kufika mahali pa kuyalaza.

Usiku una kanuni zake. Alichukua panga, akakata kijiti cha mfenesi kilichokuwa kimeanguka kando ya gari, akakikwangua gamba kwa mapigo mafupi ya kuteremka mpaka mti mweupe wa ndani ukatokea, huku utomvu ukimnata vidoleni. "Jani usiku ni jeusi," alisema. "Lakini huu weupe ukipigwa na taa unaonekana. Kila tawi la usiku nalikwangua shina, nalielekeza kule gari zinakotokea." Alinikabidhi kijiti kile nikishike. Kweli, hata kwenye kivuli cha Fuso kilikuwa cheupe kabisa. Sijawahi kuona maelezo ya kazi hiyo kwenye kitabu chochote cha usalama barabarani, na naamini wapo watu walio hai leo kwa sababu ya panga lile.

Kuna pia kuyasoma. Dereva mzoefu hayaangalii majani kujua kwamba kuna gari tu, anaangalia yamekatwa lini. Yakiwa mabichi, gari lipo na watu wake wana wasiwasi, pengine wanahitaji jeki au maji ya rejeta. Yakiwa yamelegea, gari lina saa kadhaa, fundi ameshaitwa. Yakiwa yamekauka na bado gari lipo, hiyo ni shafti au gia boksi, utingo amelala hapo usiku mmoja au zaidi na huenda hajala. "Hapo huwezi kupita hivihivi. Unasimama, unamwachia hata ndizi mbili. Kesho ni wewe."

Nilimuuliza anakata matawi ya nani, maana mfenesi wa Uluguru haujioteshi porini bila mwenyewe. Swali lilimfurahisha. Waluguru, kama inavyojulikana, wanahesabu ukoo kwa upande wa mama, na ardhi nyingi milimani ni ya ukoo. Mti ulio kando ya barabara una bibi yake, na bibi huyo anajulikana nyumba yake. "Unapiga hodi. Unamwambia shikamoo bibi, nimekwama, naomba majani. Hakatai. Lakini ukikata bila kuomba, siku nyingine ukikwama hapo hutapata hata maji ya kunywa. Na wanayafahamu magari yote. Wanaijua Fuso yangu kwa mlio wake." Alitaja kwa wepesi nyumba za akina bibi waliompa majani, kuanzia Kiroka mpaka karibu na Mvuha.

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 na kanuni zake hazizungumzii mifenesi. Kinachotakiwa ni zile pembetatu nyekundu zinazoakisi mwanga, ambazo madereva huziita traiango, na trafiki akikukagua usipokuwa nazo unaandikiwa faini. Nchi nyingi zinatumia kitu hicho. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 kuhusu usafiri wa barabarani uliwataka madereva wa magari yaliyokwama mahali pa hatari kuwaonya wengine kwa alama inayoonekana kwa mbali. Mzee anazo mbili, safi, ndani ya mfuko wake wa nailoni, nyuma ya kiti pamoja na panga. Huwa anazitoa akikwama?

"Nazitoa nikimwona trafiki. Nikiziweka kwenye lami, nikirudi nyuma ya gari kufungua nati, hazipo, zimebebwa. Jani haliibwi na mtu."

Kuhusu mawe hakutaka kuzungumza mwanzoni. Gari lililokufa mlimani lazima liwekewe mawe kwenye matairi, la sivyo litarudi nyuma. Likishatengenezwa, dereva anawasha, anakanyaga mafuta na kuondoka akiogopa lisizime tena. Mawe yanabaki palepale katikati ya njia. Utingo angeweza kuyaondoa, lakini gari lenye mzigo likishaanza kupanda halisimami kumsubiri. Anakimbia na kulirukia likiwa kwenye mwendo. Usiku anakuja kijana wa bodaboda mwenye taa dhaifu, amebeba mshikaki, watu wawili nyuma.

"Nimeshawahi kumwokota mmoja," alisema mzee. "Mguu ulikuwa umegeuka. Jiwe lile sikuliweka mimi. Lakini na mimi nimeacha mawe, mwanangu. Miaka ile nikiwa kijana nimeacha mengi. Sijui nani alikutana nayo."

Ndiyo maana konda wa ile Coaster alishuka. Kwenye barabara hii anayeondoa mawe ya mwenzake anajua jioni atarudi njia ileile, yeye au mdogo wake.

Nilifanya hesabu nikiwa nimekaa juu ya kreti tupu ya soda, mikungu ikipita juu ya vichwa vyetu. Hatua hamsini za mtu mzima ni kama mita 40. Kwenye barabara ya vumbi ya Matombo, Fuso lenye mzigo linakwenda kilomita 30 kwa saa, mara nyingi chini ya hapo, yaani mita nane na kitu kwa sekunde. Dereva anapolifikia tawi la kwanza ana karibu sekunde tano kabla ya kulifikia gari lililokufa. Zinatosha kushusha gia, kutazama pembeni na kuamua. Mhamishe dereva huyo kwenye lami, mpe mwendo wa kilomita 100 kwa saa. Sasa anakula mita 28 kwa sekunde. Mita 40 zote zinaisha kwa sekunde moja na nusu, na gari dogo lililo kwenye mwendo wa 80 tu, breki nzima, lami kavu, linahitaji zaidi ya mita 50 kusimama.

Kumbe majani yale yana kipimo, na kipimo chake ni mwendo wa vumbi. Yalipimwa na watu walioendesha taratibu kwa sababu barabara haikuwaruhusu vinginevyo. Tulipopata lami tulibeba matawi tukayaweka hatua zilezile hamsini, na tangu hapo yanamwonya mtu asiye na nafasi ya kuonyeka. Nilimwonyesha mzee hesabu ile kwenye daftari langu. Aliitazama muda mrefu.

"Kwa hiyo kule lami niweke hatua ngapi?"

Nikamwambia angalau mia mbili, na kwa jinsi mabasi yanavyokimbia hata hizo ni chache. Akamtazama utingo wake, kijana mwembamba mwenye ndala. "Huyu akitembea hatua mia mbili kwenda na mia mbili kurudi usiku pale Bwawani kwenye lami, nani atamrudisha kwao?"

Sikuwa na jibu.

Safari yake inaanza alasiri. Anapakia Mtamba, anapanda na kushuka mpaka Bigwa, anaingia lami, anapita mizani ya Mikese, Ubena Zomozi, Chalinze, Mlandizi, Kibaha, na alfajiri anatakiwa awe soko la Mabibo, lile ambalo watu wa Dar wanaliita Mahakama ya Ndizi. Bei ya mkungu kabla ya jua kuchomoza si bei ya saa tatu asubuhi. Tajiri anajua hivyo, mfanyabiashara aliyekodi gari anajua hivyo, na simu zinaanza kuita tangu Kiroka. Kilichopotea kwenye vumbi kwa tope, kwa foleni ya kupishana darajani, kwa kusimama kumpa mtu jeki, kinatakiwa kilipwe kwenye lami.

"Pale Bigwa tairi ikigusa lami tu, mguu wenyewe unajua," alisema. "Sijivunii. Nakueleza ilivyo. Huku nimetoka nimesalimiana na kila gari. Nikifika kule sijui mtu, na hakuna anayenijua. Anayeniwashia taa nyuma simjui, anayenichomekea mbele simjui. Nikimtukana sitakutana na mama yake."

Akanisimulia ya Ubena. Basi moja lilimpita kwenye mlima mahali penye mstari usiokatika, likakutana na lori mbele, likamchomekea kwa nguvu hadi akatoka nje ya lami na mzigo ukalala upande. Fuso halikupinduka, kwa rehema za Mungu. Akarudi barabarani akalifukuza. "Nilikuwa na ndizi tani nyingi, breki za kubahatisha, nalifukuza basi. Utingo wangu wa wakati ule ananililia, baba mwache, baba mwache aende. Sikumsikia. Nilitaka nimfikie nimwonyeshe na yeye ilivyo." Alimkosa Chalinze, pale basi liliposhusha abiria na yeye akanaswa na foleni. "Nilisimama nikaona mikono inatetemeka. Nikajiuliza, ningemfikia ningefanya nini? Ndani mle mna watu hamsini hawajui lolote."

Utingo yule aliacha kazi wiki ileile. Siku hizi ana genge la mboga mjini Morogoro. Wanasalimiana.

Sitaki kumhukumu mzee huyu, na sitaki pia kumtetea kupita kiasi. Watu wa Morogoro wanajua vizuri kinachotokea mwendo ukizidi akili. Machi 18, 2022, basi na lori viligongana Melela Kibaoni, wilayani Mvomero, na zaidi ya watu 20 wakafariki. Agosti 10, 2019, lori la mafuta lilipinduka karibu na stendi ya Msamvu, watu wakakusanyika kuchota petroli, moto ukalipuka na kuua zaidi ya 100. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba barabara zinaua watu milioni 1.19 kila mwaka duniani, na sehemu kubwa ya msiba huo iko katika nchi za kipato cha chini na cha kati.

Na si kwamba hakuna kilichofanyika. Mwendo wa mwisho kwenye makazi ni 50, magari ya abiria na malori makubwa yamewekewa 80 barabara kuu, mabasi ya mikoani yanafuatiliwa na LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, kwa mfumo wa VTS, na tochi za trafiki za kupima mwendo zimejaa vichakani kuanzia Kibaha. Ukipigwa tochi ni elfu thelathini. Lakini kila dereva anajua namna tochi inavyokwepwa: anayetoka mbele anakuwashia taa mara mbili, unapunguza, unapita kwenye kibao cha 50 kwa adabu zote, ukishamwacha trafiki nyuma unakanyaga. Ni ukarimu uleule wa madereva, tabia ya kumjali mwenzako aliye mbele, ila huku lami kazi yake imegeuzwa. Tunawashiana taa kumficha anayekimbia. Kumwonya anayekufa tumeyaachia matawi.

Hilo ndilo linaloniuma kuliko faini na takwimu. Watu wa lami si wabaya kuliko watu wa vumbi. Ni watu walewale. Konda aliyeondoa mawe ya Kiroka huenda mwakani akawa kwenye basi la Mwanza, na sidhani kama atashuka kuondoa mawe ya mtu pale Dumila. Dereva atampigia kelele, abiria watamzomea, na saa ya tajiri haitamsubiri.

Sasa lami inasogea Matombo. Ahadi ya kilomita 78 kutoka Bigwa mpaka Mvuha imekuwa midomoni mwa watu kwa miaka mingi, na hakuna mtu niliyekutana naye asiyeitaka. Nami naitaka. Mama mjamzito anayeteremshwa kutoka vijiji vya juu kwenda hospitali ya mkoa hapaswi kurushwa kwenye mashimo. Ndizi isiyopondeka ina bei. Tangu wamisionari wa Roho Mtakatifu walipofungua misheni ya Matombo mwaka 1897, watu wa huku wamekuwa wakibebeana mizigo na wagonjwa kwenye milima hii, na haki ya barabara nzuri wameisubiri vya kutosha.

Lakini nilitembea kidogo pale Mtamba jioni ile. Watoto wa shule walikuwa wanarudi nyumbani kwa makundi katikati ya barabara, kwa sababu barabara ndiyo njia pekee tambarare waliyo nayo. Mihogo iliyomenywa ilikuwa imeanikwa ukingoni kabisa, na mbuzi amefungwa kwenye kibao. Bodaboda walikuwa wanapanda na kushuka bila kofia ngumu, wakiendesha kwa mkono mmoja huku wakisalimia kwa mwingine. Yote hayo yanawezekana kwa sababu hakuna gari linaloweza kupita hapo kwa 80. Siku litakapoweza, nani atakuwa amewaeleza watoto wale? Je, wahandisi wameacha mahali pa gari lililokufa kusogea pembeni kwenye ule mpando wa Kiroka, au mlima utakatwa upana wa magari mawili tu, na utingo aendelee kulaza matawi hatua hamsini juu ya lami nyeusi? Maswali haya nimeyabeba kutoka Matombo na sijampata wa kunijibu.

Mzee yeye ana ombi moja, na alinitaka niliandike kama alivyolisema. "Waambie watuachie pembeni. Kila kona, upana wa lori moja. Vibao waweke, matuta waweke, sikatai. Lakini lori litakufa tu, lami au vumbi, shafti haijui. Likifa liwe na mahali pa kusogea."

Mzigo ulikuwa umeshafungwa turubai. Utingo alikuwa anazunguka gari akigonga matairi kwa nyundo moja baada ya jingine, akisikiliza. Nilimuuliza mzee kama kijana huyo naye atakuwa dereva. Akasema leseni anaitafuta mwaka huu, na ameshapata mtu wa kumwingiza kwenye malori ya Tunduma, yale yanayovuka kwenda Zambia. Huko kuna posho nzuri na barabara ni lami mwanzo mwisho. Tajiri wa malori hayo anataka kwanza kauli ya mzee, kwamba kijana anafaa.

"Kwenye vumbi anafaa," alisema akipanda kwenye kiti chake. "Kauli yenyewe bado sijampa."